Nukta na Nyota

Simu ya Virge ilinikuta saa tisa usiku,
theluji ya Võru imepanda hadi kizingiti cha dirisha.
"Hatuingii," alisema. "Wodi nzima.
Mashine inatuambia hatujulikani."

Bawabu yule nilimwandika mwenyewe,
mwaka ule Tõnis alipokuwa akiota meno,
mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine ukimbembeleza mtoto.
Kazi yake ilikuwa nyepesi: akae mlangoni pa seva,
asome daftari la wanaobisha,
anayekosea nenosiri mara tano
amfungie nje, asijadiliane naye.
Miaka tisa hakuomba likizo.
Wakampa funguo zote, hata za ghala,
maana mlinzi asiye na funguo atalinda nini?

Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia,
nikafungua daftari.

Hapakuwa na kitasa kilichovunjwa.
Palikuwa na mtu, sijui wa wapi,
aliyebisha, akaulizwa: jina?
Na mahali pa jina akaandika sentensi nzima:
*fulani ameshindwa, ametoka anwani hii*,
na anwani ilikuwa ya hospitali.
Mara tano. Taratibu,
kama mtu anayejaza fomu ya posta.

Bawabu akasoma. Bawabu akaamini.
Akawafungia nje waliomwajiri,
na mgeni akabaki pale pale barazani,
hana doa.

Nilitafuta kosa nikiomba lisiwe langu.
Mstari wa mia mbili na kumi na nne:
nukta, kisha nyota.
Kwa asiyeijua kazi yetu:
nukta ni herufi yoyote ile,
nyota ni mara zozote utakazo,
zikikaa pamoja zinasema: chochote, pita.
Daftari huandika kwanza anwani ya kweli, jina likafuata,
nami nilimfundisha aruke maneno yote
mpaka anwani ya mwisho, aishike hiyo.
Nilikuwa na usingizi. Mtoto alikuwa akilia.
Sikuwaza kwamba kuna mtu angejiita
kwa jina lenye anwani ya jirani ndani yake.

Huko wodini waliandika dozi kwa kalamu
nyuma ya maboksi ya glavu.
Virge alinisomea moja kwenye simu, polepole,
ili awepo mtu mwingine aliyeisikia.
Miligramu mia na ishirini. Nikairudia.
Mimi, fundi wa seva, nikairudia kama kiapo.

Kiraka kilichukua dakika nne.
Nikaing'oa nyota,
nikaweka ile alama tunayoiita kofia
mwanzoni kabisa mwa mstari,
yaani: anza kusoma hapa, si popote upendapo.
Miaka tisa mlangoni,
na leo ndiyo kwanza bawabu anavaa kofia.

Hillar wa Narva alinishauri ninyamaze kwanza:
ukitangaza ufa kabla watu hawajauziba,
umewachorea wezi ramani.
Ukinyamaza, nikamjibu, yule mmoja
anayo ramani peke yake.
Tulibishana mpaka gari la kufyeka theluji likapita
na taa yake ya manjano ikizunguka darini.
Mwishowe niliandika barua fupi kwa wote wanaomtumia,
nchi nyingi, wengi siwajui hata kwa majina.
Neno la kwanza liliniwia gumu. Nilijaribu "hitilafu,"
nikalifuta. Nikaandika "nilikosea."

Alfajiri Virge akapiga tena: "Tumeingia."
Nyuma yake toroli la uji lilikuwa likigongagonga.

Angeweza kuandika amri badala ya anwani.
Hilo ndilo ninalolifikiria, kahawa ikipoa.
Mwenye funguo zote husoma kila anachoandikiwa,
na kuna mtu huko nje ambaye sasa anajua hivyo.

Tõnis ameamka, anatafuta soksi yake ya pili.
Ndani ya bawabu zimebaki nyota kumi na saba.
Nimezihesabu mara mbili.
Ya kwanza iko mstari wa thelathini na moja.